Mgonjwa Kabla ya Kisanduku

Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo (DRC), tarehe 1 Agosti 2018, kitovu chake kilikuwa Mangina, mji mdogo wa eneo la Beni. Ilipotangazwa kuwa imekwisha, 25 Juni 2020, walioandikwa kuwa wagonjwa walifika 3,470, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Hesabu hiyo ilipatikana kwa sababu kila mmoja wao aliingizwa katika orodha yenye safu zilezile: umri, jinsia, siku homa ilipoanza, kundi alilowekwa. Orodha ya namna hiyo ina swali lisilo la mafundi wa kompyuta peke yao. Je, ukishajua mtu yuko kundi gani, umemjua?

Aristotle, mwana wa tabibu, aliandika kwamba tabibu hamtibu binadamu kwa jumla; humtibu Kallias au Sokrates. Hakuwa akiidharau elimu ya jumla, maana aliiweka juu ya uzoefu. Alionya tu kwamba mwenye kuijua jumla bila kumjua huyu aliye mbele yake atakosea mara nyingi katika tiba. Mangina na Beni zilimpa ushahidi. Homa, kutapika, kuumwa kichwa na uchovu humfanya mtu aitwe mshukiwa, na malaria huzileta dalili hizo zote. Mwishoni mwa 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hadi nusu ya waliopimwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Kisanduku kinachotiwa alama kwenye fomu hakikudanganya: kiliulizwa dalili, kikajibu dalili. Kabla majibu ya maabara hayajafika, kilichoweza kumtenga mmoja na mwenzake ni simulizi: alimuuguza nani, aliosha maiti ya nani, alidungwa sindano wapi juma lililopita. Kwa kufuatilia masimulizi ya aina hiyo ilionekana kwamba wengi waliambukizwa ndani ya vituo vya afya vyenyewe, hasa vile vidogo vya watu binafsi. Swali la sindano linaweza kuchorewa kisanduku, naam, lakini baada ya mtu wa kwanza kulisimulia.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya kutanguliza simulizi lilizaliwa hukohuko. Jaribio la Pamoja Tulinde Maisha, lililoanza Novemba 2018 na kuongozwa na taasisi ya utafiti wa kibiolojia ya Kongo, INRB, ya Profesa Muyembe pamoja na Wamarekani, liligawa wagonjwa 681 kwa kura katika dawa nne. Waliopewa REGN-EB3 walikufa asilimia 33.5 ndani ya siku 28, na waliopewa mAb114 asilimia 35.1; kwa ZMapp ilikuwa karibu nusu. Simulizi hata moja isingeonyesha tofauti hiyo. Nalikubali hilo bila kinyongo. Ila jaribio lilijibu swali lililokwisha kuulizwa, na ubora wake ulitokana na kuulizwa vizuri. Ugonjwa mpya, au wa zamani uliofika mahali pasipoutarajia, huja na maswali ambayo hakuna aliyeyapangia safu.

Wengine watasema muuguzi aliyevaa mavazi ya kinga, akitiririka jasho, hana muda wa kuandika insha, na karatasi iliyoingia eneo jekundu, walikolazwa wagonjwa, haitoki. Kweli. Kishikwambi kinachooshwa kwa klorini kimetatua suala la karatasi, si la muda. Lakini simulizi si lazima iandikwe kitandani: ndugu wako nje ya uzio, na sentensi tatu zao zinaweza kuchukuliwa na mtu asiyevaa chochote cha plastiki. Pingamizi la mwisho ni la haki: maandishi huru hubeba dharau ya mwandishi. Februari 2019, vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo viliposhambuliwa, ilikuwa rahisi kuwaita watu wa huko wakaidi. Hata hivyo dharau ikishakuwa kisanduku hupata nguvu zaidi, kwa kuwa huhesabiwa na kuonekana kama kipimo. Ndiyo maana maneno ya mgonjwa yawekwe kama alivyoyasema, kwa Kinande au Kiswahili, mbali na hukumu ya aliyeyaandika.

Kwa hiyo siafiki usuluhishi wa nusu kwa nusu kati ya simulizi na visanduku. Skrini ya rekodi ya mgonjwa ifunguke kwa maneno yake, visanduku vijazwe kutokana nayo, na anayebadilisha kundi la mgonjwa alazimike kwanza kusoma yale maneno.