Heshima ya Mgeni na Chungu Kisicho na Nyama

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha methali hii mara nyingi, na aghalabu tumeifasiri kwa wepesi: mgeni ajapo, kuku huchinjwa, na wenyeji nao hupata kitoweo. Lakini je, akija mgeni asiyekula nyama, mwenyeji ataponaje? Na heshima ya mgeni imo katika kile tunachokitia chunguni, au imo katika jambo jingine?

Swali hili lilinifika nyumbani kwangu, hapa Uganda, siku ya Krismasi. Tulitarajia wageni 12, na miongoni mwao alikuwamo mwalimu mmoja mstaafu ambaye hali nyama, wala samaki, wala mayai, wala chochote kilichotiwa maziwa au samli. Nilikusudia kupika supu nzito ya maharage ambayo wote wangeweza kuila. Wifi yangu, aliyekuja kunisaidia, aliguna. Kwetu maharage hayana sifa ya karamu. Ni chakula cha shule za bweni, kiliwacho kwa posho, yaani ugali, siku baada ya siku. "Wifi," aliniambia, "watu watasema umewarudisha shuleni."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Kumpa mgeni kitu hafifu huweza kuwa sawa na kumwambia kwamba naye ni hafifu. Hata hivyo, gharama si fedha peke yake. Maharage yale niliyaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yake, nikayachemsha kwa moto mkali. Hapo hapafai haraka wala uvivu, kwa maana maharage mekundu mabichi yana sumu isiyokwisha ila yatokote barabara kwa dakika 10 au zaidi. Kisha nilikaanga vitunguu, tangawizi na nyanya kwa mafuta ya alizeti, nikatia boga na viazi vitamu, na mwisho karanga za kusaga, nikikoroga kwa moto mdogo mpaka mafuta yake yakaelea juu. Mtu aliyesimama jikoni kiasi hicho hawezi kuambiwa kuwa amemdharau mgeni wake.

Mtihani wenyewe ulikuja baadaye. Wifi alionja, akasema supu haijakolea. Kando palikuwa na sufuria ya mifupa ya ng'ombe iliyokuwa ikichemka kwa ajili ya wageni wengine. "Tia pawa mbili tu," alisema. "Atajuaje?"

Nakiri kwamba nilisita. Wifi hakuwa na nia mbaya; alitaka mgeni afurahi na jina la nyumba yetu lisiharibike. Ni kweli pia kwamba mgeni asingejua, na huenda pawa mbili zisingemdhuru mwili. Basi kosa lingekuwa wapi?

Jibu nililipata katika desturi yetu wenyewe. Katika mitaa mingi ya Uganda, Mkristo mwenye sherehe humwomba jirani yake Mwislamu amchinjie, ili wageni wote wapate kula pamoja. Mwislamu aliyealikwa hafunui masufuria kuyachunguza. Hula kwa kuliamini neno la mwenyeji. Ni nani kati yetu angethubutu kumtilia kitu cha haramu kwa sababu tu hatajua? Sote twaona mara moja kuwa huo ni usaliti. Kwa nini basi nadhiri ya mtu asiyekula nyama, iwe kwa dini, kwa afya au kwa kuwahurumia wanyama, ihesabiwe kuwa nyepesi zaidi? Sababu ni yake. Amana ni yetu.

Wahenga walisema vilevile, "Usilolijua ni kama usiku wa giza." Kila mgeni aketipo mezani yumo katika giza hilo, maana hakuwapo jikoni. Hana taa ila ukweli wa mwenyeji.

Sikutia mchuzi wa mifupa. Nilitia chumvi, pilipili na maji ya ndimu, ikakolea. Supu ilipakuliwa kwanza, kwa watu wote, kutoka chungu kimoja. Nyama ilifuata kwa waliotaka. Kijana mmoja alitania kwamba amesikia kengele ya shule, tukacheka. Yule mzee aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hiki naweza kula?" Nikamjibu, "Kula, Mzee wangu. Hamna nyama ndani yake wala samli." Niliweza kumtazama usoni nikisema hivyo.

Ndugu walimu, tutakapoifundisha tena methali ile, tuwaulize wanafunzi wetu: mwenyeji apone nini? Wapo watakaojibu kuwa ni njaa, nao hawatakosea. Mimi ningeongeza kwamba mgeni atuaminiye hutuponya na maradhi ya kudhani kuwa jambo lisiloonekana si kosa.