Mji Uliogeuzwa

Mnamo mwaka 1640 hivi, Rembrandt alichora mandhari ya Amsterdam kwenye bamba la shaba lenye ukubwa wa kadi ya posta, sentimita 11 kwa 15 hivi. Mbele kuna maji na majani ya kinamasi. Kwa mbali mji umelala kama uzi: minara ya makanisa, kinu cha upepo, paa za maghala. Juu yake ni anga, na anga hilo ni karatasi tupu isiyoguswa. Ukiitazama kwa utulivu, unauhisi upepo.

Lakini mji huo umegeuzwa. Mchoraji alilipaka bamba nta, akaikwaruza kwa sindano jinsi macho yalivyoona, tindikali ikazila zile alama, kisha wino ukachapwa karatasini. Kinachochapwa hutoka kinyume. Aliyesimama pale Kadijk, kaskazini-mashariki mwa mji, angeuona mnara wa Zuiderkerk mkono wa kushoto. Pichani uko kulia. Angetaka, Rembrandt angechora kinyume ili mji utoke sawa. Hakufanya hivyo.

Je, picha hii inasema uongo? Kwa nahodha anayetafuta bandari, naam. Mimi naisamehe haraka, na nilipojiuliza kwa nini, jibu lilikuwa jepesi: kosa lake lina dawa. Weka kioo mbele yake, kila mnara utarudi mahali pake. Hakuna kilichopotea.

Kuna jambo jingine lisilo na dawa ya kioo. Miongoni mwa zile paa ndogo yamo majengo ya Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602. Mwaka 1621 majeshi ya kampuni hiyo, yakiongozwa na Jan Pieterszoon Coen, yaliviteka visiwa vya Banda ili kuhodhi kungumanga. Maelfu ya wenyeji waliuawa, walikufa njaa au walichukuliwa utumwani. Miaka 20 hivi baadaye, picha inatuonyesha paa tu, nadhifu, chini ya anga jeupe.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi hupenda kuitumia methali hiyo kusifu jasho la fundi. Nadhani inatudai zaidi: tuulize pia vimeundwa kwa jasho la nani, na kama aliulizwa.

Simlaumu Rembrandt. Kutoka Kadijk, Banda haionekani, na hakuna sindano inayoweza kuchora kilicho nyuma ya upeo wa macho. Wala sitaki picha ishushwe ukutani. Anayekataa kuitazama hawarudishii watu wa Banda chochote. Amejinyima tu utulivu ule, na paa zile zimebaki bila wa kuziuliza.

Basi mzigo ni wa mtazamaji. Mchoraji anadaiwa uaminifu kwa alichokiona. Sisi tuliokuja baadaye tunadaiwa na yale tunayoyajua. Kupenda kitu kizuri huku unajua kimegharimu nini ni kugumu kuliko kukisifu au kukitupa, maana kunakutaka usimame palepale, macho yakifurahi na moyo ukiuma, bila kuruhusu kimoja kikinyamazishe kingine.

Naitazama tena. Upepo bado unavuma kwenye majani. Safari hii nimeanza na maghala.