Timu iliyokula mbegu zake

Shule ya kisa hiki haina haja ya jina. Anayezunguka viwanja vya raga vya shule za magharibi mwa Kenya ameikuta, tena si mara moja, na mwalimu wa michezo atakayesoma hapa ataweka jina analolijua yeye. Ni shule ya bweni ya wavulana, yenye uwanja unaoteremka kidogo upande wa jikoni, ng'ombe watatu wa maziwa, na kabati la vikombe katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Vikombe vilianza kuongezeka baada ya 2016. Tarehe 17 Aprili mwaka huo Shujaa, timu yetu ya raga ya wachezaji saba kila upande, iliilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, ikinolewa na Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili kushangilia. Lakini furaha ile ilizaa pupa shuleni. Wakuu wa shule wakataka timu, na waitake yenye ushindi muhula uleule. Hapa njia iliyochaguliwa ilikuwa ya mkato: kuwaita vijana wakubwa kutoka shule nyingine, baadhi yao wakirudia kidato cha tatu, karo ikipunguzwa au kusamehewa kimyakimya. Walikuja na njumu zao na sifa zao, na kwa misimu miwili kaunti ikawa mikononi mwao.

Mazoezi yalikuwa ya timu ya kwanza peke yake. Wa kidato cha kwanza walibeba maji na kufua jezi, na walipoomba mpira baada ya saa kumi na moja jioni waliambiwa wasiharibu vifaa. Wavulana zaidi ya mia mbili waliingia shuleni mwaka ule, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kutoa pasi ya mkono wa kushoto. Wakulima wa kwetu wanajua maana ya kupika mbegu njaa inapobana. Hapa njaa haikuwapo. Mbegu zilipikwa kwa sababu ya kabati la vikombe.

Miongoni mwa walioitwa alikuwamo namba nane mmoja, mkubwa kuliko walimu wengi wa shule. Kila mpira ulipitia kwake. Kukaba hakufundishwa, kwa kuwa uzito ulimfanyia kazi hiyo: aliyekutana naye alianguka. Kichwa alikiweka mbele ya mapaja ya anayekimbia badala ya nyuma, kosa ambalo kocha makini hulibaini mazoezini siku ya kwanza, na ambalo mbele ya vijana wepesi linaweza kupita bila madhara. Madhara yalikuja katika nusu fainali, alipokutana na kijana wa uzito wake. Goti lilimpata juu ya sikio. Alilala kidogo, akainuka, akaenda kusimama kwenye safu ya wapinzani, na watu wote waliokuwa pembeni mwa uwanja walimwona akisimama upande usio wake. Sheria ya raga haina utata hapo: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa na harudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata akilia. Benchi lilimwambia akaze moyo. Alicheza robo saa nyingine, akagongwa tena.

Hakufa, na ninashukuru kuweza kuandika hivyo. Lakini muhula mzima alishindwa kumaliza ukurasa mmoja wa kitabu bila kuumwa kichwa, mwanga wa darasani ukimchoma macho, na mtihani wa KCSE akaufanya katika hali hiyo. Mama yake alipofika ofisini hakupaza sauti. "Mwalimu, mimi nilimleta hapa asome. Mpira ninyi ndio mlimwitia." Hakuna aliyemjibu.

Mwaka uliofuata wale walioitwa walikuwa wamemaliza shule. Raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza na ile ya saba muhula wa pili, kwa hiyo nafasi ya kujipanga haikuwapo. Vijana waliobaki wote walitaka kuwa mawinga, maana mawinga ndio waliokuwa wakiwaona kwenye televisheni. Safu ya mbele ya skramu, yaani mapropu wawili na huka katikati yao, haikuwa na watu. Nafasi hizo hazijazwi kwa kumnyooshea mtu kidole. Shingo isiyozoezwa haipelekwi pale, na sheria inamtaka kila anayecheza safu hiyo awe amefunzwa kuicheza. Refa alipouliza, nahodha alisema ukweli, na ninamheshimu sana kwa hilo, na skramu zikachezwa bila kusukumana. Wakafungwa mechi mbili kwa aibu. Ya tatu hawakufika. Kufikia muhula wa pili ng'ombe walikuwa wakilishwa kati ya milingoti ya goli.

Tangu hapo sioni maana ya kuipima raga ya shule kwa vikombe vyake. Mimi huuliza propu wa kidato cha pili ni nani, na anafundishwa na nani.

Aliyeifufua timu ni mwalimu wa biolojia ambaye alikuwa huka siku zake za chuo. Alikwenda kwa mwalimu mkuu na ombi lililokuwa gumu kuliko la pesa: shule isiingize timu yoyote mashindanoni kwa mwaka mzima.

"Bodi wataniuliza mipira tuliyonunua inafanya kazi gani."

"Waambie tunafundisha, Mkuu."

Akaanza na vidato viwili vya chini, bila kumpima mtu uzito. Wiki za mwanzo hapakuwa na kukaba kabisa. Kila kijana alichomeka kiunoni vitambaa viwili vilivyokatwa kwenye shuka kuukuu za bweni, na kumchomoa mwenzako kitambaa ndiko kulikohesabiwa kuwa umemkaba. Hapo mtoto hujifunza kukimbilia penye uwazi, kufuata kiuno cha mwenzake badala ya kudanganywa na macho yake, na kutoa pasi pande zote mbili, mwili ukiwa hauna hofu. Kisha kukaba kukaanza kwa magoti: wawili wamepiga magoti nyasini, mmoja ameshika mpira. Macho wazi, mgongo umenyooka, kichwa nyuma ya paja na shavu limegandana nalo, mikono ifunge kwa nguvu. Walipozoea, mkabaji akachuchumaa. Kisha mwenye mpira akaanza kutembea. Mbio zikaja baada ya majuma mengi. Kuna walimu wanaoziruka hatua hizi kwa kuwa zinachosha kutazama, na ni kweli zinachosha. Huyu alizirudia hata kwa waliokwisha kuzijua, na aliyeweka kichwa mbele alirudishwa magotini bila kutukanwa, awe mgeni awe nahodha.

Skramu ilijengwa vivyo hivyo: mmoja kwa mmoja, watatu kwa watatu, watano kwa watano, ndipo wanane. Miezi kadhaa kabla yake ilikuwa ya kukaza shingo, mabega na mgongo. Refa huita hatua tatu, kuchuchumaa, kushikana na kuungana, na mwalimu alisimamisha kila hatua akapita akiangalia mabega yasishuke chini ya nyonga. Kanuni za walio chini ya miaka 19 haziruhusu skramu isukumwe zaidi ya mita 1.5. Hilo alilieleza ubaoni, darasani, akiwachorea mifupa ya shingo ili waelewe kanuni inalinda nini.

Alikuwa na daftari ambamo kila kijana ana ukurasa wake. Trai hazikuandikwa humo. Yaliyoandikwa ni haya: "Pasi ya kushoto inafika mita tano, inayumba." "Anakaba kwa bega la kulia tu." "Bado hajakua, asikatishwe tamaa." Huyo wa mwisho jezi ilimfika magotini alipokuwa kidato cha kwanza, na kwingine angeambiwa akacheze drafti. Alirefuka ghafla kidato cha tatu, na mwili mpya ukakuta mikono imeshajua kazi. Waliobalehe mapema huwa na shida ya kinyume: hushinda kwa kifua miaka miwili, kisha wenzao wakiwafikia kimo hawana ufundi wa kujitetea nao. Ndiyo maana ninaamini kuwa kumchagua mchezaji kwa ukubwa wake akiwa na miaka 14 ni kumdhulumu yeye pamoja na yule aliyeachwa.

Yule namba nane alikuwa na mdogo wake, aliyejiunga na shule hiyohiyo. Mwalimu hakumgusa hadi alipokwenda nyumbani kwao. Mama alimkaribisha chai, akamsikiliza, kisha akauliza swali moja. "Akigongwa kichwa, nani atamtoa?"

"Mimi, Mama. Na nisipomwona mimi, kijana yeyote wa timu ana ruhusa ya kumtoa, na hakuna atakayemuuliza kwa nini."

Alikubali mazoezi. Mechi alizikubali mwaka wa pili.

Mwaka wa tatu timu ilifika fainali ya kaunti, ikashindwa kwa penalti ya dakika za mwisho. Bodi ilinuna. Mwalimu alitazama kikosi chake, kila mmoja wao akiwa ameingia shuleni humo kidato cha kwanza, na mapropu na mahuka wa akiba wakiwa wanatosha kuunda safu ya pili nzima.

Sasa kuna kazi nyingine. Katika mtaala mpya sekondari ya juu ni miaka mitatu, gredi ya 10 hadi ya 12. Kidato cha kwanza, ambako vitambaa vile vilianzia, kimeondoka, na watoto wa umri ule wako sekondari msingi, wengi wao ndani ya shule za msingi zisizo na mpira wa raga hata mmoja. Kocha anayesubiri gredi ya 10 amepoteza mwaka mzima wa mafunzo, na kishawishi cha kuwaita tena vijana waliokwisha kuiva kitamrudia kikiwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi mwalimu huyu hubeba gunia la vitambaa kwenda shule za jirani.

Mwalimu mkuu hakufurahia. "Hao wizara ndiyo itawapangia shule. Nusu yao wataishia kwa wapinzani wetu."

"Wataenda, Mkuu. Na siku watakapocheza na vijana wetu, sitaki hata mmoja wao aweke kichwa mbele ya goti."

Ombi alilomletea safari hii lilikuwa la mipira kumi ya saizi ya 4, inayowafaa watoto wa miaka 10 hadi 14. Mkuu alilitia sahihi, akauliza kama kumi itatosha.