Je, Mtoto Huyu Amekosa?

Tumfikirie mtoto wa miaka saba katika darasa mojawapo la Rumonge, karibu na mwalo ambapo mitumbwi hurejea alfajiri na ndagala. Nyumbani asema Kirundi; sokoni, kwenye samaki na mafuta ya mawese, asikia Kiswahili; shuleni akutana na Kifaransa, kisha Kiingereza. Mwalimu amtajia neno la Kiingereza "chair", yaani kiti, na kumtaka aliandike. Mtoto aandika "ceya". Kalamu nyekundu yapita juu yake. Yatupasa tujiulize: amekosa nini?

Mtoto huyu hakubahatisha. Katika Kirundi herufi "c" peke yake ndiyo sauti ambayo sisi twaiandika "ch": Mrundi huandika "icayi", nasi huandika "chai". Kifaransa nacho huitumia "ch" kwa sauti yetu ya "sh", na "c" mara huwa "k", mara "s". Kiingereza kina mazoea yake. Herufi ni moja, mahakimu ni wanne. Mtoto amesikia vema, amekumbuka alichofundishwa, akaandika kwa uaminifu. Lililompungukia ni desturi ya watu wengine, wala si akili.

Tusidhani kwamba mzigo huu ameutafuta yeye. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Watu wazima ndio walioamua. Mkono wa mtoto ndio unaotakiwa kutii.

Wako watakaosema kwamba huruma ya namna hii ni dhuluma iliyojificha. Mzazi afanyaye biashara na Kigoma ataka mwanawe aandike Kiingereza kinachosomeka, na katika mtihani "ceya" haina alama. Hoja hiyo ina uzito. Kumwacha mtoto na "ceya" hata ukubwani ni kumnyima haki yake. Lakini kusahihisha ni jambo moja, na kuhukumu ni jingine. Mtoto aliyehukumiwa hujifunza kutoandika neno lolote asiloliona ubaoni. Na kunakili si kuandika. Aweza kujaza kurasa kumi zisizo na kosa, asiwe ameandika hata sentensi moja iliyo yake.

Kwa hiyo hatuna budi kuanza na yale ayajuayo: wavu wa baba yake, mvua juu ya ziwa, samaki aliyemponyoka. Na aandike kama asikiavyo. Mwalimu amsomee kwa sauti maneno yake, amwonyeshe sauti alizozipata, kisha aandike chini yake neno kama Waingereza waliandikavyo, na kumweleza kwamba hiyo ndiyo kanuni ya lugha ile. Katika darasa la watoto themanini hatutawafikia wote kwa siku moja. Watano kila siku twaweza.

Methali yetu yasema samaki mkunje angali mbichi, na mara nyingi tumeitumia kuutetea ukali wetu. Lakini hata samaki mbichi, akikunjwa kwa hasira, huvunjika. Ndugu walimu, kabla hatujaushusha wino mwekundu, na tumwulize mtoto alisikia nini. Huenda jibu lake likatusahihisha sisi.