Ngoma Isiyokuwa Tupu

Pale Feri, Kivukoni, jijini Dar es Salaam, ukishazipita kelele za mnada wa samaki, huwa kuna meza za makombe: kauri, simbi, na makome makubwa ambayo watoto huyaweka sikioni wasikie bahari. Mzazi aliyekuja kununua changu hukwama hapo, maana mtoto habanduki. Basi na amsimulie hadithi ya zimwi na ngoma, kwani kisa chake chote kinatokana na kombe moja lililosahauliwa.

Wasichana waliteremka ufukweni maji yamekupwa. Tuseme ni hapa hapa Magogoni, enzi za Mzizima, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Msimulizi ana ruhusa hiyo. Mmoja wao akaokota kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya jiwe lisipotee, kisha wakati wa kurudi akalisahau. Njiani akakumbuka, akawaomba wenzake warudi naye. Wakakataa: umesahau mwenyewe, nenda mwenyewe. Akaenda. Giza lilikuwa linaingia, akawa anaimba ili kujipa moyo.

Zimwi lilikuwa limekaa juu ya lile jiwe. Likamwambia, imba tena, mwanangu. Akaimba. Likamwambia asogee, masikio yake mazito. Akasogea. Likamdaka, likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi juu yake.

Mtoto anayesikiliza hapa hutarajia msichana aliwe. Lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hili lilikuwa hodari wa hesabu: mtoto akiliwa ni mlo mmoja, akiimba ni milo ya kila siku. Likaanza kuzunguka vijijini. Kila lifikapo linajigamba kwamba lina ngoma isiyo na mfano, ila lipikiwe kwanza wali kwa kuku. Likishashiba linaisogeza ngoma motoni ngozi ikaze, kama wafanyavyo wapiga ngoma wote. Fikiria lile joto kwa aliyemo ndani. Kisha linapiga, na mtoto anaimba jinsi alivyolifuata kombe lake hadi yakamkuta ya kumkuta. Watu wanashangilia, wali unaongezwa. Mtoto anaambulia ukoko.

Wanakijiji hao nina ugomvi nao. Ngoma hulia kwa sababu ndani ni tupu. Ule uwazi ndio unaoipa sauti. Ukiijaza kitu, hata matambara, inadumaa, inatoa kishindo tu. Haiwezekani vijiji vyote hivyo vikakosa mpiga ngoma hata mmoja wa kusema: hii imejaa, na kilichomo kina sauti ya mtoto. Wimbo wenyewe ulikuwa unawaeleza kila kitu, neno kwa neno. Waliusikia wote, wakausifia utamu wake.

Na sisi tusijitoe haraka. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, alichapisha kitabu cha hadithi alizosimuliwa huko. Katika dibaji alieleza kuwa hadithi za namna hii huwa na kiitikio ambacho waliohudhuria wote hukiimba, na kuna nyimbo ambazo hata waimbaji wenyewe hawakuweza kueleza vizuri maana yake. Kwa hiyo hata barazani, tunaosimuliwa habari za mtoto aliyefungwa ndani ya ngoma tunapiga makofi na kuitikia.

Siku moja zimwi likafika kijijini kwa msichana. Mama yake akaijua sauti. Hakupiga yowe. Alihakikisha mgeni anakula mpaka anasinzia, ngoma ikafunguliwa, mtoto akatolewa, ndani wakatiwa nyuki na siafu, ngozi ikawambwa upya. Zimwi likaenda kijiji cha pili, likapiga, kimya, likapiga tena, kimya, likafungua litazame. Likafa hapo hapo.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Wako wanaoendelea, na mimi ni shabiki wao. Pale lilipofia zimwi ukaota mboga, ukazaa boga kubwa. Watoto wakapita, wakalitamani. Boga likakasirika, likaanza kuwafukuza likibingirika. Wakakimbilia kivukoni, mzee mmoja akawavusha kwa mtumbwi wake. Ng'ambo wakakuta watu wazima wamekaa barazani, wakawaficha. Boga likafika, likaulizia watumwa wake waliotoroka. Wale wazee hawakupika wali wala hawakutaka kusikia ngoma. Walimhoji mdai: watumwa gani, wa sura gani? Kisha wakalikamata, wakalichoma, majivu wakayatupa.

Kwa kawaida funzo la kisa hiki hutwishwa msichana: usirudi peke yako, usiimbe gizani, usisogelee usiyemjua. Ni mawaidha mazuri, na wale wenzake waliokataa kumsindikiza nao wana la kujibu. Lakini mtoto alisahau kombe tu. Waliolisha zimwi ni watu wazima.

Zimwi la leo halihitaji hata kubeba ngoma begani. Linashika simu. Au linaweka spika mbele ya duka Kariakoo, katikati ya msongamano wa Mtaa wa Kongo, na mtoto wa miaka saba anacheza na kuimba tangu asubuhi ili wateja wasimame. Wanasimama kweli, wanacheka, wanarekodi, wanatuma kwa ndugu. Anayeuliza kama mtoto amekula, kama leo si siku ya shule, na fedha inaingia mfuko wa nani, huonekana mkorofi anayeharibu furaha.

Kuimba si kosa, nalisema wazi nisije nikaeleweka vibaya. Mtoto anayeghani kaswida madrasa, anayeimba kwaya kanisani au anayejifunza ngoma kwa mwalimu anayemheshimu hayumo ndani ya ngoma. Yeye ndiye anayeipiga. Na wazazi wapo, wengi tu, wanaokuza kipaji cha mtoto bila kumgeuza mtaji.

Tofauti hiyo haikuachiwa hisia za mpita njia peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Inahesabu kuwa ni unyonyaji kazi inayodhuru afya au makuzi yake, inayozidi saa sita kwa siku, isiyolingana na umri wake, au inayolipwa ujira usiotosha. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, imepigwa marufuku. Halafu kuna kifungu ambacho wale wanakijiji wa kwanza wangekichukia: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake.

Kwa hiyo ukisimama kusikiliza, sikiliza na maneno. Ofisi ya serikali ya mtaa ipo karibu na ulipo, na simu ya huduma kwa mtoto nchini Tanzania ni 116, bila malipo.