Miguu Midogo ya Aisii Msiizibe Mdomo

Wanangu mnaoanza kushika mita na pasi ya risasi, nina neno nanyi kuhusu ile miguu ya aisii ya amplifaya isiyopeleka muziki popote.

Kuna mtindo umeenea mafundini. Sabufa inaletwa, haitoi sauti. Kijana anafungua, anapima umeme, upo. Anapima spika, nzima. Basi anakata kipande cha waya, anaunga mguu wa stendibai moja kwa moja kwenye volti 5, muziki unalia, anapokea hela yake. Kwa nini ule mguu ulikuwa umelala, hakuuliza.

Chukueni TDA7294, ambayo wengi wenu mmeigusa. Ina miguu 15. Wa 9 ni stendibai, wa 10 ni myuti. Volti zikiwa chini ya 1.5 mguu unazuia kazi, zikipita 3.5 unairuhusu. Hapo hamkosei. Mnapokosea ni kwenye zamu. Wakati wa kuwasha, stendibai huamka kwanza huku myuti bado imeziba sauti, aisii itulie ndani kwa ndani, ndipo myuti ifunguke. Wakati wa kuzima, myuti hutangulia kufunga. Kwenye mchoro wa kiwanda mguu wa 9 umewekewa rezista ya kiloomu 22 na kapasita ya maikrofaradi 10; zidisheni mtaona ni kama sekunde 0.22 za kupanda taratibu. Anayezing'oa kwa kuwa eti amplifaya inalia hata bila hizo, ndiye anayempa mteja ule mshindo wa "pu!" kila anapowasha. Weka macho kwenye koni ya spika wakati huo uone inavyoruka. Spika hiyo si yako.

Aisii hiyohiyo ina ulinzi wa joto. Ndani yake ikifika nyuzi 145 inajiziba sauti, ikifika 150 inajilaza yenyewe. Kwa hiyo muziki ukikatika katikati ya harusi, ukarudi baada ya kupoa, msikimbilie kuibadilisha. Tazameni bati la kupozea, tazameni kama ile grisi nyeupe imekauka, muulizeni mwenye mzigo ameunganisha spika ngapi sambamba. (Na aisii mpya ya dukani mnaijua wenyewe: jina mgongoni ni hilohilo, ya ndani ni siri ya aliyeichapa.)

Jambo linaloniudhi zaidi ni kudhani kwamba miguu yenye jina moja ina tabia moja. LM3886 nayo ina myuti, mguu wa 8. Kijana aliyezoea TDA anaupelekea volti 5, anasubiri, kimya. Anaacha mguu wazi, kimya. Anaitangaza aisii imekufa. Kumbe mguu huo haungoji kupewa umeme, unangoja kuvutwa: unataka angalau nusu miliampia itoke kwenda upande wa hasi. Ukiachwa wazi, aisii imezibwa sauti. Hesabu yake ni nyepesi. Hasi ikiwa volti 35, toa 2.6, zinabaki 32.4, gawanya kwa nusu miliampia, unapata karibu kiloomu 65. Rezista isizidi hapo. Aisii nzima ngapi zimetupwa kwenye ndoo kwa kukosa rezista ya bei ya pipi!

Hizi bodi ndogo za TPA3116D2 nazo zina mguu wa taarifa, FAULTZ. Kazi yake ni kusema tu. Mambo yakiwa shwari unakaa juu, kwa kuvutwa na rezista. Waya za spika zikigusana, joto likizidi, au umeme wa DC ukionekana kwenye njia ya sauti, unashuka chini. Wapo wanaouunga na mguu wa kuzimia, SDZ, ili aisii ijiwashe upya yenyewe baada ya hitilafu. Kiwanda kimeruhusu, sina ugomvi. Lakini bodi ikija mezani inakata na kurudi, inakata na kurudi, tenganisheni kwanza miguu hiyo miwili, iacheni ikwame kwenye hitilafu, ndipo mtafute waya uliochubuka.

TDA7293 ina mguu wa 5 unaotoa habari mawimbi yanapoanza kukatwa vichwa. Kwenye TDA7294 mguu huo hauna kazi, ndiyo maana ukiweka 7293 kwenye bodi ya ndugu yake, habari hiyo haifiki popote. Mkiweza, ungeni taa ndogo hapo, na rezista yake, ili mpiga disko aone anapopitiliza.

Kwa hiyo mzigo ukifika, mita ianze kwenye miguu hii kabla ya pasi kupata moto. Andikeni volti za kila mmoja kwenye karatasi, mlinganishe na ya kiwanda. Na mteja akilalamika kwamba fundi wa jirani angemaliza kwa dakika tano, tena kwa nusu ya bei, mfungieni boksi lake vizuri, skrubu zote, aende kwa huyo jirani.