KIJANA, ULISHUKA. JE, UMEFIKA?



Labda karatasi hii umepewa ukipita tu stendi, au ulikuja mkutanoni kusikiliza muziki. Usiitupe kwanza! Hatukuiandika kukugombeza. Tunalo swali moja, na ujijibu mwenyewe moyoni: Je, ubaya wa watu wa kanisani unakupa haki ya kumwacha Mungu?

KWA NINI ULIONDOKA?

Ukiuliza kwa nini vijana wanaacha kanisa, wazee wana jibu tayari: "Ni dunia! Ni muziki! Ni marafiki wabaya!" Kwa baadhi ni kweli. Mtu akishanogewa na dhambi, Jumapili inamkera. Lakini si wote.

Yupo binti aliyepata mimba. Akasimamishwa mbele ya kanisa, akatengwa. Kijana aliyempa mimba akaendelea kupiga gitaa kwenye kwaya. Binti akaondoka, wala hakuna aliyemfuata.

Yupo aliyeuliza kwa nini mtoto asiye na kosa anaugua hadi kufa. Akaambiwa, "Una pepo la ubishi." Akanyamaza. Baadaye hakurudi tena.

Yupo aliyetoa nauli yake yote, eti ni "mbegu", akaahidiwa kazi kabla ya mwezi kuisha. Mwezi ukaisha. Akarudi kwake kwa mguu, na gari la mchungaji likapita likimtimulia vumbi.

Hatutaficha. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana mkutanoni, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Mhubiri wao alishtakiwa kwamba aliwafundisha wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu.

Kama ulisikia hayo ukasema, "Kama dini ndiyo hii, siitaki," hatukushangai.

YESU ALIYAONA KABLA YAKO

Aliingia hekaluni Yerusalemu akakuta biashara. Wengine wanabadili fedha, wengine wanauza njiwa. Akazipindua meza zao (Mathayo 21:12-13). Kwa hiyo kuuchukia unafiki hakukuanzia kwako, kijana. Bwana mwenyewe aliuchukia.

Lakini angalia alichofanya baadaye! Hakususa. Luka anatuambia kwamba kila siku alikuwa akifundisha humo humo hekaluni (Luka 19:47). Alipindua meza, hakuihama nyumba. Kwa nini? Kwa sababu meza zilikuwa za watu, nyumba ilikuwa ya Baba yake.

Wewe je? Ulipoziona meza, uliiacha na nyumba?

KUSHUKA SI KUFIKA

Tuseme umepanda basi Dar es Salaam, unakwenda Mbeya. Mnafika Chalinze, unagundua dereva amelewa. Unashuka. Umefanya vema! Hakuna mwenye akili atakayekulaumu. Lakini sasa uko Chalinze. Jua linazama, na Mbeya haijasogea hata hatua moja. Hasira yako kwa dereva, hata ikiwa ya haki, haitakufikisha. Lazima utafute basi jingine.

Vijana wengi walioshuka wamekaa kando ya barabara miaka na miaka. Kijiweni wanasimulia habari za dereva. Kila siku dereva! Mkeka wa kubeti unachanika, bia inaisha, simu inaangaliwa mpaka saa nane za usiku, na moyo uko vilevile.

Ndugu, dhambi ya mchungaji ni ya mchungaji, naye ataitolea hesabu. Lakini yule binti uliyemwahidi ndoa ukamkimbia, hilo si la mchungaji. Zile pesa za mama ulizochukua ukasema umeibiwa, hilo si la mchungaji. Unafiki wake unaeleza kwa nini ulishuka kwake. Hauelezi unakwenda wapi, wala haufuti hata moja katika yale uliyoyafanya wewe.

Siku moja wanafunzi wengi walimwacha Yesu kwa sababu ya neno gumu. Akawauliza wale Thenashara kama nao wanataka kuondoka. Petro hakujidai kwamba ameelewa kila kitu. Aliuliza tu waende kwa nani, maana maneno ya uzima wa milele yako kwake (Yohana 6:66-68). Hilo ndilo swali lako leo. Umeondoka, sawa. Umekwenda kwa nani?

RUDI NA MASWALI YAKO

Usidhani lazima uwe umeelewa yote ndipo uje. Tomaso alikuwa na mashaka, na wenzake hawakumfukuza. Baada ya siku nane alikuwa bado pamoja nao, na Yesu akamwonyesha majeraha yake (Yohana 20:24-29).

Tafuta kusanyiko ambalo Biblia inafunguliwa na swali linaruhusiwa. Ambalo hesabu ya sadaka inasomwa mbele ya wote. Ambalo aliyeanguka anafuatwa nyumbani kwake. Ukikuta meza za biashara, usiogope kusema. Lakini usimwache Yesu kwa sababu ya meza.

Kumbuka, kijana: aliyekufa msalabani kwa ajili yako si yule mchungaji aliyekuumiza. Ni Yesu. Naye hajakudanganya hata siku moja.

Kama uko tayari, sema naye sasa hivi, hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, niliwakasirikia watu wako, nikakuacha na wewe. Leo dhambi zao naziacha mikononi mwako, nakuletea zangu. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Nipandishe tena njiani, unifikishe. Amina."

Ukiisha kusoma, usiitupe. Mpe na mwenzako wa kijiweni. Bwana akubariki!